Msichana wa Kukaa na Mama

Kicheko kilimkuta Kafedha uani, kikapu cha vitunguu vilivyobaki sokoni bado kichwani. Kilikuwa kicheko cha mamake, kikubwa, cha kupiga paja. Mwaka mzima Kafedha hakuwa amekisikia.

Alipoingia chumbani, kikakatika. Mama alikuwa kitandani, macho yanang'aa. Purity, yule msichana aliyeletwa na Swabra, alikuwa mkekani akimkanda miguu.

"Shikamoo, anti," Purity akasema. "Leo tumepiga stori mpaka chai ikapoa."

"Marahaba."

Alitaka kuuliza ni stori gani hizo, akatua kikapu. Aombe habari za mama yake mwenyewe kwa mtoto wa watu? Hata kidogo.

Kiharusi kilikuwa kimempiga mama mwaka uliopita. Mkono ulirudi, mguu ukarudi nusu, Kiswahili hakikurudi. Kilichobaki mdomoni mwake ni Kimakonde cha utotoni, na Kimakonde Kafedha hakukijua hata salamu. Zamani, Wamakonde walipokuwa hawana vitambulisho, mama aliogopa askari kuliko alivyoogopa njaa, wala hakutaka kilugha kisikike nyumbani mwake. Binti akapewa jina la Kigiriama, la kwao babake, akalelewa kwa Kiswahili. Sasa ndiyo haya.

Tangu hapo, kila jioni Kafedha alimwosha mama, akamlisha, akampangusa mdomo, kisha akatoka kibarazani na simu yake. Angekaa waongee nini?

Ndiyo maana alikuwa amekwenda Kisauni kwa Swabra, mama wa chama cha kutetea jamii ndogondogo, aliyewahangaikia Wamakonde mpaka wakapata vitambulisho.

"Nataka mtu anayeijua lugha yake," Kafedha alisema.

"Wallahi, dada, kwa sasa sina. Nitamtafuta, inshallah. Kwanza nikuletee msichana wa kukaa na mama, asishinde peke yake."

Siku tatu baadaye Purity akaja, na vicheko vikaanza. Kafedha alishangaa Swabra alivyompata mtu upesi namna ile. Mshangao haukudumu. Ulifuatwa na wivu, wivu hasa, ule wa mke mkubwa kwa mke mdogo, na Kafedha hakujidanganya kuwa ni kitu kingine. Mlango aliofungiwa yeye tangu utotoni, leo mama anamfungulia mpita njia!

Akaanza vituko. Alificha sukari, Purity akanywa chai yake chungu bila kulalamika, jambo lililomkera Kafedha zaidi. Alimkataza asimsuke mama, eti kichwa kinamuuma. Aliporudi kutoka soko la Kongowea alimkuta mama kasukwa mistari minne, anajitazama kiooni kama bibi harusi. Siku hiyo chakula hakikumshuka.

Mwisho akaona dawa ni moja. Kwenye karakana za Bombolulu palikuwa na mchonga vinyago mmoja, Mzee Simoni, Mmakonde wa kuzaliwa. Kila alasiri, akitoka sokoni, Kafedha alipitia kwake na vitunguu vyake viwili vitatu, akakaa katikati ya vumbi la mpingo akafundishwa kama mtoto wa chekechea.

"Wataka kumwambia nini mamako?" mzee alimuuliza siku ya kwanza.

"Kwamba mwanawe ni mimi."

"Kwani hajui?"

"Amesahau. Ana mwingine."

Mzee akapuliza vumbi la mti. Miezi mitano ikapita. Kafedha akaweza kuomba maji, kusimulia mvua, kutania, hata kugombana. Mzee akimsemesha haraka haraka, alimjibu haraka haraka. Nyumbani hakukitamka hata neno, akingoja kikamilike. Ndipo alipompigia Swabra simu.

"Mchukue msichana wako. Mwisho wa mwezi basi."

"Kakukosea nini, dada?"

"Hajanikosea. Simhitaji tena."

Siku ya mwisho ya mwezi, vitunguu alimwachia jirani yake wa sokoni, akafika nyumbani saa nne asubuhi. Alikuwa na sentensi yake tayari, ameifanyia mazoezi njia nzima: Mama, nimekuja, sasa ongea na mimi. Alivua ndara uani, akasimama nyuma ya pazia. Alitaka kwanza asikie wanavyomsengenya. Alikuwa na hakika wanamsengenya.

Purity alikuwa anaongea. Habari ilikuwa ndefu, ya uchungu kidogo, maana mara mbili sauti ilimkwama. Kafedha akatega masikio. Hakuelewa. Akatega tena. Hata neno moja! Miezi mitano ya vumbi puani, na haelewi hata neno moja la Kimakonde cha msichana huyu. Alimlaani Mzee Simoni na vinyago vyake vyote. Bila shaka alimfundisha upuuzi ili ale vitunguu vya bure.

Kisha mama akajibu, polepole, kwa sauti ya kubembeleza. Hapo Kafedha akaelewa kila kitu, neno kwa neno.

"Sema, mwanangu, usilie. Sijui wasema lugha gani, na yangu nawe huijui, tangu siku ya kwanza. Kafedha wangu pia haijui. Lakini yeye akishanilisha hutoka nje. Wewe unakaa."