Mgonjwa wa Mafunzo

"Na hiki kidubwasha nacho mmekifunika shuka? Kisije kikapata mafua?"

Madaktari vijana waliojipanga ukutani walicheka kidogo, kicheko cha adabu, kisha wakainamisha vichwa. Daktari mkuu wa wagonjwa mahututi hakujali. Aliingia katika chumba cha mafunzo kama mtu anayeingia choo kichafu: hatua za haraka, mikono mfukoni, asiguse kitu.

Hospitali nzima ilimwita Bwana Basi. Walimwita hivyo akishawapa mgongo, naye alijua, na jina lenyewe alilipenda. Kazi yake ilikuwa kusimama miguuni pa kitanda cha mtu asiyeamka, kutupia mashine jicho, na kusema, "Basi." Ndugu wangeanza kulia, yeye angekuwa ameshafika mlangoni. Kubembeleza watu ilikuwa kazi ya wauguzi.

Sasa uongozi ulikuwa umezuka na kanuni mpya: hakuna daktari atakayetamka kwamba ubongo wa mtu umekufa mpaka kwanza apite mafunzo ya kuigiza, atazamwe hatua kwa hatua. Hata yeye! Na wa kumtazama alikuwa nani? Binti ambaye yeye mwenyewe alimfundisha kuvaa stethoskopu. Leo vifaranga vinamfunza kuku kuchakura.

"Karibu, Mwalimu," alisema yule binti, msimamizi wa mafunzo. "Mgonjwa wetu ni fundi wa paa. Ameanguka, hana fahamu tangu jana, mashine inampumulia. Usiwe na haraka."

"Haraka ninayo, binti. Ghorofani kuna mgonjwa wa kweli, na ukoo wake umejaa koridoni. Nimeshawaambia mchana huu namalizana naye."

Alikitazama kitanda kama mtu anayetazama nyanya zilizooza sokoni. Plasta machoni, bomba limebandikwa pembeni mwa mdomo, bandeji kichwani mpaka kwenye nyusi. Wodini glavu za kugombania, lakini mdoli wa kuchezea umepatikana!

Kando ya kitanda aliketi muuguzi aliyepewa kazi ya kuigiza mke wa mgonjwa. "Daktari," aliuliza kwa sauti ya kulia, "baba watoto wangu atapona?"

"Nyamaza, mama. Machozi hayo kayauze kwenye tamthilia."

Msimamizi alikohoa. "Mwalimu, unaanzia wapi? Joto la mwili? Dawa za usingizi alizopewa?"

"Mdoli nao hulewa dawa?"

"Mgonjwa, Mwalimu."

"Haya, mgonjwa." Aliinua macho darini, akaanza kughani kama mtoto anayekariri shairi asilolipenda. "Mboni haziitikii mwanga. Jicho likiguswa kwa pamba, halipepesi. Akifinywa juu ya nyusi, hakunji uso. Maji ya barafu sikioni, macho hayasogei. Koo likichokolewa, hakohoi. Au mnataka niyapigie na ngoma?"

Tochi ilikuwa bado mfukoni mwake. Pamba ilikuwa bado kwenye sinia, na barafu ilikuwa inajiyeyukia bakulini.

"Ungevifanya vipimo hivyo, Mwalimu, badala ya kuvisema."

"Nimfanyie nani? Nimulike macho ya vioo?"

"Mshike japo mkono, Daktari," alisema yule mke wa kuigiza. "Una joto."

Bwana Basi aliwageukia vijana. "Mmeona mambo? Siku hizi wanatia na hita ndani. Kesho mtasikia anadai likizo."

Kijana mmoja aliuma mdomo. Mwingine aligeuka kuutazama ukuta.

"Imebaki pumzi," aliendelea. "Unaitoa mashine, unaangalia kama kifua kitapanda chenyewe." Aliukamata mpira wa mashine kwa vidole viwili, akauchomoa kama anayechomoa chaja ya simu. Kisha akakipa kitanda kisogo. Mafunzo walitaka, basi mafunzo angewapa.

"Sikilizeni, maana hili hakuna mdoli utakaowafundisha. Ndugu watakuja na hadithi. Ooh, kidole kimecheza. Ooh, kaniminya mkono, chozi limemtoka. Msiwape masikio. Mwenye mapenzi huona hata visivyokuwepo. Sisi hatuko hapo kwa ajili ya mapenzi. Ukimsikiliza mmoja, watakuja wajomba na mashangazi, na kitanda hakitakuwa wazi mpaka mwakani."

Vijana walikuwa wamekodoa macho, wanatazama nyuma ya bega lake. Mmoja alijiziba mdomo kwa kiganja. Bwana Basi alifurahi moyoni. Tangu lini mdoli ukawateka watu namna hii? Hii ndiyo heshima ya mtu aliyebobea.

"Mwalimu," msimamizi alisema, na sauti ilimtetemeka kidogo, "ungependa kumtazama tena kabla hujatamka?"

Anaogopa, maskini. Na aogope. "Nimetazama watu kabla wewe hujajua kuandika jina lako."

"Hata kifua?"

"Binti, usinipotezee muda."

"Sawa. Unatamka nini?"

Alitazama saa ya ukutani, akalinyoosha koti lake.

"Basi. Ubongo umekufa, mtu amekufa. Mama, pole sana, mipango ya Mungu. Hayo mengine malizaneni wenyewe. Mimi napanda ghorofani, kule wananisubiri nikaseme hili hili."

Hakuna aliyempisha njia. Hakuna aliyecheka pia.

"Mkuu," sauti nzito ya kiume ilisema kutoka kitandani, "kama umeshamaliza kuniua, naomba nikakojoe."