Karanga za Nyanzala

Siku hizi anayeshinda fainali ya hisabati ya shule za sekondari huhamishiwa hesabu zote zilizomo kichwani mwa aliyeshindwa. Ndiyo sheria, wala sikuwahi kuiona mbaya. Jumamosi binti yangu Tunu alimshinda Nyanzala, msichana mpole wa Kahama, nami nikapiga vigelegele mpaka sauti ikanikauka.

Nyumbani nilipika pilau, majirani wakajaa. Baba Tunu alimtupia mwanawe maswali magumu, na kila jibu lilipotoka alicheka kana kwamba yeye ndiye aliyemfundisha.

Nikampa Tunu karanga za kashata anichambulie. Akazipanga kumi kumi mkekani, upesi upesi, huku akitabasamu.

“Mama, nilipokuwa mdogo, kila nikipatia jumla babu alinipa moja nitafune.”

“Babu yupi? Babu zako wote walifariki hujazaliwa.”

“Yule mwenye kovu kidoleni. Ndiye aliyenifundisha kuhesabu.”

Nilimtazama. Tabasamu likamtoka polepole.

“Ni babu yake Nyanzala, eti?”

“Kula, mwanangu, pilau inapoa.”

“Mama, sasa yeye amebaki na babu gani?”