Safari ya Maputo

Athanas alikuwa amepiga magoti ndani ya Kosta, anagongea misumari kitanda cha tatu, cha mtu ambaye hakualikwa. Mwenye kitanda alikuwa kasimama mlangoni na kikombe cha chai, anatoa maelekezo.

"Shemeji, godoro langu likae dirishani. Mimi nikilala bila upepo naota wafu."

Huyo ni Sikudhani, jirani wa ukuta kwa ukuta. Hapo Misugusugu, Kibaha, ukitaka kujua nani kaoa, nani kaachwa na nani bado anakula kwa mama yake, huendi kwa mjumbe, unakwenda kwake. Na safari hii, alisema, hakubali kusimuliwa.

Athanas aligonga msumari mwingine. Magoti yalimuuma, mgongo ulimuuma, na wiki ya pili hiyo hajalala vizuri. Alikuwa dereva wa malori miaka thelathini, akastaafu akiapa hatashika tena usukani wa gari refu kuliko kitanda chake. Sasa anajenga nyumba ndani ya gari.

Kosa lilikuwa lake. Miaka tisa nyuma alimwambia mwanawe wa pekee, Amon, mbele ya watu, asikanyage tena kwake. Maneno ya hasira tu, kisa kijana kaacha chuo cha ualimu. Amon akayachukua kama yalivyo, akaondoka. Redempta, mama yake, hakugomba. Kila mwaka alimwambia mumewe jambo moja tu: "Uliyasema wewe, baba Amon. Utayafuta wewe."

Kisha mwezi uliopita sauti ya Amon ikaingia kwenye simu ya Redempta, kwa namba ngeni. Redempta aliisikiliza mpaka Sikudhani, upande wa pili wa ukuta, akaikariri:

"Shikamoo mama. Simu hii ya kuazima, usinijibu hapa. Nimepata kazi, natembea na wazungu. Jumamosi ya tarehe kumi na nne njoo na baba kwenye tamasha. Maputo, mama, makubwa, hujawahi kuyaona. Nadhani mmeshasikia. Mje alfajiri. Kwake alinikataza kukanyaga, ila uwanja si wa mtu. Akija, nitajua amenisamehe. Asipokuja, nitajua pia. Jumapili tunahama, tunakwenda mbali, na sidhani kama nitarudi."

"Si niliwaambia yuko Msumbiji?" alisema Sikudhani. "Watu walimwona Mtwara, nyie mkanicheka."

Walimcheka kweli. Wakamwomba radhi, naye akaipokea radhi hiyo kwa njia ya kitanda.

Toka Kibaha mpaka Maputo ni siku nane kwa gari la kuchechemea. Gesti za njiani hawazijui, lugha ya watu hawaijui. Athanas akaona bora walale humo humo garini. Akaenda Kisarawe kwa Hussen, mchuuzi wa mbuzi, mwenye Kosta aliyoing'oa viti ili apate pa kulala akienda mnada wa Magindu. Aliondoka baada ya chai, akarudi nayo kabla ya chakula cha mchana.

"Ichukue tu, kaka," Hussen alimwambia. "Mimi mwezi huu sitoki. Kuna wazungu wanakuja huku na mitungi ya gesi, mitungi kweli kweli. Sijui watapika nini, lakini mpishi hakosi kutaka mbuzi."

Wiki zikaliwa na matayarisho. Hati za kusafiria, chanjo ya homa ya manjano, vibali vya gari. Redempta alisugua harufu ya mbuzi mpaka vidole vikachubuka, harufu ikabaki pale pale. Kila jioni uani kulijaa majirani. Wote walileta ushauri, hakuna aliyeleta nyundo.

"Ukimwona utamwambia nini?" Redempta alimuuliza mumewe siku ya mwisho, wakifunga mifuko.

"Nitamwambia nimechoka."

"Hilo tu?"

"Akiona nimefika kote huko na magoti haya, mama Amon, mengine ataelewa."

Wakafunga nyumba. Sikudhani naye akafunga yake, mtaa ukabaki bila redio.

Lindi. Masasi. Daraja la Umoja, Ruvuma ikipita chini. Baada ya hapo vumbi, pancha mbili, na gia iliyogoma kila penye kilima. Athanas aliendesha kutwa, Redempta akimfuta jasho kwa kanga. Kwenye vizuizi Sikudhani aliongea na askari kwa Kiswahili mpaka wakachoka, wakawaruhusu.

Ijumaa jioni, siku ya nane, wakaingia Maputo.

Alfajiri Athanas alinyoa ndevu kwenye kioo cha gari, akavaa shati jeupe alilokuwa amelitunza kwenye mfuko wa nailoni tangu Kibaha. Wakazunguka viwanja, kimoja baada ya kingine. Kila waliyemuuliza habari ya tamasha alitikisa kichwa kwa upole. Kufika saa saba mchana Sikudhani alikuwa kanyamaza, na hilo ndilo lililomtisha Athanas kuliko yote. Shati lilikuwa limemgandia mgongoni. Hakukubali kukaa chini.

Saa kumi simu ya Redempta ikaguna. Namba nyingine ngeni, sauti ile ile. Akaiweka katikati yao watatu, wakainama kusikiliza.

"Mama, puto letu ndilo lililotangulia kuruka, nikaitazama Kisarawe nzima toka juu, sikuwaona. Nikapita mpaka Misugusugu, nikakuta kufuli. Mwambie baba nimemwelewa."