Ndara za Kijani

Ndara za kijani zilikuwa zimetokeza chini ya mlango wa katikati, na mshona vifungo akajifanya hakuziona.

Ndivyo mambo yalivyokwenda kwenye choo cha wanawake cha kiwanda kile cha mashati. Hakuna aliyebandika tangazo, lakini kila mtu alijua. Aliye ndani hasalimiwi. Viatu havitambuliwi. Na ukisikia mwenzako anahangaika, unafungua bomba, maji yafunike sauti yake, unanawa mikono taratibu kama huna hili wala lile. Mgeni mmoja wa upande wa pasi aliwahi kubisha mlango akauliza, "Shikamoo mama, bado sana?" Wiki nzima alikula peke yake.

Siku hizi aliyehitaji bomba ni mshona vifungo. Mimba ya miezi miwili ilikuwa inamtapisha, na mikataba mipya ilikuwa isainiwe Ijumaa. Mwenye mimba hapewi mkataba. Hilo nalo halikuandikwa popote. Mumewe alishanung'unika sana kwamba kazi aiache, mama mkwe anaumwa, nani wa kumwogesha? Yeye akamsihi avumilie hadi asaini. Tangu jana mume alikuwa ametulia, hata chai alimchemshia.

Mwenye ndara alikuwa jirani yake wa mashine, mshona kola, wote wakimwita Dada Kola. Kila asubuhi mshona vifungo alipokimbilia chooni, Dada Kola alimfuata, akafungua bomba, wala hakumuuliza neno. Mchana, baada ya chakula, ilikuwa zamu ya Dada Kola kujifungia mle asinzie kidogo, maana usiku kucha alikuwa akimuuguza mwanawe. Mshona vifungo naye hakumuuliza.

Alikuwa bado ananawa mikono alipoitwa ofisini.

"Nasikia una mimba, binti," akasema mama msimamizi, kalamu mkononi.

Akakana, akaapa. Msimamizi akatikisa kichwa tu, akasema habari imetoka kwa mtu wake wa karibu sana, hakuna haja ya kuapa.

Mtu wa karibu. Nani mwingine aliyesimama nje ya ule mlango asubuhi zote hizo, akisikia kila kitu? Kumbe ule ukimya ulikuwa wa kumchunguza. Wamekula sahani moja, wameazimana sindano, kumbe mwenzake anamuuza. Machozi yalimlenga, kisha hasira ikayakausha. Akaona kama ni kuzama, hazami peke yake.

"Na huyo Dada Kola, mama, amekwambia na ya kwake?" akauliza. "Muulize mchana huwa analala wapi. Nenda hata sasa hivi, mlango wa katikati. Utaona ndara za kijani."

Msimamizi akaandika, akapiga mstari chini ya jina. Kisha akainua macho, akamtazama kama anayemtazama mtu aliyepotea njia.

"Dada Kola hajawahi kufungua mdomo juu yako," akasema. "Aliyenipigia simu jana ni mumeo."