Umeya wa Mtaroni

Marlys aliulenga mtaro, akafumba jicho moja, akakanyaga mafuta. Pikapu ikateleza juu ya theluji, ikashusha pua mtaroni taratibu kama ng'ombe anayekunywa maji.

"Hapo hapo," akasema, akilipapasa tumbo lake la miezi minane. "Tulia, mwanangu. Leo mama anagombea."

Huko Skarholt, kijiji kidogo katika nyika za ngano za Kanada, kugombea ni aibu. Anayeutaka umeya haupati ng'o. Kila Novemba, baada ya ibada, watu wote hukusanyika ukumbini, na asiyehudhuria ndiye anayetwishwa kiti. Ndiyo maana watu huja hata na homa. Mzee Orville aliukwaa umeya siku alipokwenda mjini kung'olewa jino. Tangu hapo hakuna aliyekosa mkutano, na wote wakiwepo, meya aliyepo huendelea.

Cheo chenyewe hakina mshahara. Kina greda tu. Theluji ikianguka, greda la kijiji huanza kufungua njia langoni kwa meya, ndipo liende kwingine. Kwa Marlys, mwisho kabisa wa barabara, hufika wenyewe wameshaanza kutafuna viazi vya mbegu. Hospitali iko mbali, na mtoto hangojei greda.

Basi alimtanguliza mumewe, Curtis, ukumbini. "Nenda, nakuja." Naye akaja mtaroni. Akajifunika blanketi, akamimina chai, akangoja kuchaguliwa.

Hakumaliza kikombe. Trekta lilinguruma, nyuma yake msururu wa pikapu. Skarholt nzima ikateremka na minyororo, makoleo na birika la kahawa la ukumbini.

"Jamani, si mngeendelea tu na mkutano!" Marlys akalalamika.

"Tukutwishe umeya na hilo tumbo?" Bibi Agneta, jirani yake mwenye ulimi, akamjia juu. "Kwani sisi wanyama?"

"Basi hata wachache wangebaki..."

"Abaki nani, achaguliwe yeye? Mjanja wewe!"

Curtis alikuwa amepauka kwa hofu. "Mke wangu, barabara hii umeipita tangu utotoni. Umeingiaje humu?"

"Sungura alikatiza," akajibu, machozi yakimlengalenga. Wakadhani ni baridi, wakamrundikia makoti mpaka ikabaki pua.

"Tufanyie mkutano hapa hapa," Bibi Agneta akasema. "Tukirudi ukumbini tutampoteza mwingine njiani."

Mzee Orville akapanda juu ya trekta, akahesabu vichwa. Akahesabu tena, polepole, kama mtu anayetafuta meno yake ya bandia kitandani. Wote walikuwepo. Hata mbwa wa Bibi Agneta alikuwepo.

"Hongera, Mheshimiwa Meya!" Bibi Agneta akaangua kicheko. "Mwaka mwingine huo!"

Mzee Orville akavua kofia kama aliyefiwa. Marlys akainamisha kichwa. Barabara ya kwao aliiona kabisa, nyeupe, imezibwa, na yeye dirishani akisikiliza greda likinguruma kwa watu. Mkono wake ukachomoza kwenye makoti, ukarudi tumboni.

Macho ya Mzee Orville yakaufuata ule mkono, yakatua hapo, yakakataa kuondoka.

"Ngojeni kwanza," akasema. "Kuna mmoja hajafika."

Wote wakageuka kutazama. Kahawa ya mtu ikamwagika.

"Orville, huna haya!" Bibi Agneta akamaka. "Huyo hata shingo hajaikaza!"

"Mama yake atamshikia kiti mpaka aikaze. Wanaoafiki?"

Mikono yote ikapanda, ya Mzee Orville yote miwili. Makofi yakarindima hadi ng'ambo ya mashamba, na meya mpya wa Skarholt akayajibu kwa teke.