Zahanati ya Punda

Yule mwenye koti jeupe alikaa kitako mlangoni, akanyoosha miguu, akasema hatoki.

"Toka bwana," alisema Nathanael. "Watu wamekuja hata kutoka Mpanda mjini. Unatuchelewesha."

"Wasubiri. Punda wamesubiri miaka, nyie kusubiri kidogo tu kunawashinda?"

Watu wakacheka. Walijaa uwanja mzima, wanaume kwenye mabenchi yaliyoazimwa kanisani, wanawake kwenye mikeka. Upande wa nyuma, masufuria makubwa ya wali yalikuwa motoni tangu alfajiri. Nyumba yenyewe ilikuwa mpya, ya matofali ya kuchoma, chumba kimoja kipana kisicho na dari. Mbele yake kulikuwa na kigingi cha kufungia punda. Hakuna punda aliyewahi kufungwa pale.

Immaculata, mke wa daktari wa mifugo, alikaa mkekani karibu na mlango. Siku hii alijua itakuja. Sasa imekuja, na hakuhisi kitu. Asubuhi alipewa chai, akanywa. Aliambiwa akae hapa, akakaa. Aliitazama miguu ile iliyoziba mlango, na viatu vyenye matope ya Majimoto, kama mtu anayetazama mvua.

Alichojua ni kwamba Nathanael, kaka mkubwa wa daktari, anaitaka nyumba hii. Kiwanja kilikuwa cha baba yao. Tangu jana alikuwa anapita akiwaambia watu kwamba zahanati ya punda ni ndoto tu, nyumba itafaa kuwekea mpunga. Immaculata alimsikia. Akichukua, basi achukue.

"Zahanati ya punda watupu!" alisema mwenye koti, akapandisha bega la kushoto, lile bega la daktari ambalo Majimoto nzima inalijua. Koti likambana kwapani. "Mlinicheka. Haya, chekeni tena. Mimi nilikuwa mtu wa serikali. Nachanja ng'ombe, naogesha ng'ombe joshoni, nikilala naota ng'ombe. Mwaka wa tisini na tatu serikali ikanipunguza kazini. Nikarudi na baiskeli na boksi la sindano. Nikamwambia Mama Lidia, sasa nitatibu punda peke yao. Akacheka."

"Sikucheka," alisema Immaculata.

Lilikuwa neno lake la kwanza siku hiyo. 

"Ulifanya nini, Mama Lidia?"

"Niliuliza nani atalipa."

"Nani atalipa! Msikieni." Mwenye koti akainuka, akamkamata Nathanael kidevu na kumfunua mdomo, kama daktari anavyotazama meno ya punda ili ajue umri wake. "Mlipaji huyu hapa. Mzee kabisa, lakini mgongoni hana hata kovu. Gunia hajabeba. Mpunga wake nani anautoa shambani, kwenye matope yale ambayo lori haliingii?"

"Punda!" wakajibu wanawake.

"Na dawa anamnunulia nani?"

"Ng'ombe!"

"Punda akiumwa na mbung'o anakonda, anatetemeka, anaanguka njiani. Huyu anaongeza fimbo. Akifa, anasema jirani kamloga."

Kicheko kikapanda. Nathanael mwenyewe alicheka, akajifuta mate kidevuni. Lidia, binti wa daktari, aliyemaliza chuo cha mifugo mwaka uliopita, alicheka huku akifuta macho kwa ncha ya kanga.

Mwenye koti hakucheka. Alikaa tena pale pale, akaegemeza mgongo kwenye mlango.

"Sitaki hela," alisema. "Sitaki kuku. Nataka useme mbele ya watu hawa, wewe kaka mkubwa. Nyumba hii ni ya nini?"

"Hayo ni mambo ya ukoo. Tutaongea baadaye, ndani."

"Ndani mimi siingii. Nauliza hapa hapa nje."

"Na usipojibiwa?"

"Nalala hapa. Nileteeni mto."

Mzee mmoja kutoka kwenye benchi akasema, "Jibu, Nathanael. Huyo hatatoka, unamjua."

Nathanael alijua pia jambo lingine, kama kila mtu pale uwanjani. Ukishakubali neno siku kama hii, mbele ya watu wote hawa, huwezi kulirudisha. Mwakani watani watakutania nalo sokoni, na mwaka unaofuata, mpaka na watoto wako.

Alimtazama Immaculata, labda amsaidie. Immaculata alimtazama bila chuki na bila ombi. Inzi alitua mkononi mwake, hakumfukuza.

"Ya punda," alisema Nathanael mwishowe.

"Sauti! Waliokaa nyuma hawajasikia."

"Ya punda! Nyumba ni ya punda, mpunga wangu nitapeleka kwingine. Umeridhika?"

"Na ufunguo?"

"Ufunguo washike Lidia na mama yake."

Mwanamke mmoja akaanza kigelegele, akakikatiza katikati. Immaculata aligundua kwamba mguu wake umekufa ganzi. Akaunyoosha polepole kwenye mkeka.

"Haya, pisha sasa, Masalu," alisema Nathanael. "Utani wa msibani umetosha. Waache vijana waingie wamtoe daktari, kaburi liko tayari."