Mwalimu wa Pimbi

Enzi ambazo wanyama walikuwa na vikao vingi kuliko akili, Pimbi alilinda mwambani, akiwaonya wenzake hatari ikija. Alikuwa na macho makali na kigugumizi. Chui alipokula digidigi wawili, baraza lilisema kigugumizi ndicho kilichowaponza, likampa Pimbi mwalimu wa kusema. Lilimchagua Kasuku, kwa kuwa ana maneno mengi.

Kasuku hakuwa na subira hata ya kumeza mate. Pimbi akianza neno, alimmalizia, akikwama, alimcheka. Mwezi ulipokwisha, Pimbi alikuwa amefura kwa hasira.

"Haya, umejifunza nini?" akauliza Nyati, mkuu wa baraza.

"Ni-ni-ni..."

"Mengi, mheshimiwa!" akadakia Kasuku. "Anashukuru sana."

"Si-si-sishukuru!" Pimbi akafoka, akikanyagakanyaga jiwe. "Na u-unyamaze!"

Kasuku akafungua mdomo. Korongo, ambaye husimama mtoni kutwa nzima akingoja samaki mmoja, akamzibia kwa bawa. Kisha akamtazama Pimbi. Hakumharakisha wala kumsaidia neno. Alingoja tu, na baraza zima likalazimika kungoja naye.

Kwa mara ya kwanza Pimbi akasikilizwa hadi mwisho wa maneno yake.

"Mwalimu wangu a-awe huyu. Na digidigi msi-msinibebeshe mimi. Siku ile ni-nilimtaja chui mara tatu, jina zima. Ninyi mlikuwa m-m-m..."

Hakuna aliyethubutu kummalizia.

"...mkicheka."